Mleta uzi, ulishafika jumuiyani kwenu?

Mdogo wangu, pole. Umeandika kwamba tangu uhamie Dar es Salaam unasali misa ya kwanza kila Jumapili, unatoka bila mtu kukusalimia, na matangazo ni michango mitupu. Unauliza kama parokiani bado kuna tumaini, au ubaki unasali chumbani kwako. Nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe.

Misa ya mjini ina watu wengi mno, padre hawezi kumjua kila mmoja. Ndiyo maana maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa ukanda wetu wa Afrika Mashariki, waliazimia mwaka 1976 kwamba Kanisa lijengwe kuanzia jumuiya ndogo ndogo za majirani. Huko ndiko watu wanakojua mlango wako.

Mimi nilipaelewa pale mume wangu alipopata kiharusi. Siku chache baada ya kuruhusiwa hospitalini, mwenyekiti wa jumuiya alifika na daftari lake, na hakutaja zaka. Aliuliza nani analala na mgonjwa, nani anapeleka watoto shule. Jioni hiyo zamu zikapangwa. Wanaume wawili wa UWAKA, chama cha wanaume Wakatoliki, wakawa wanapita alfajiri kumgeuza na kumwogesha, maana ni mtu mwenye mwili, peke yangu nisingemweza. Akina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, walileta uji, wakafua mashuka, wakaenda zao bila kunihoji. Paroko akaja kumpa Mpako wa Wagonjwa, na Jumapili baada ya misa mhudumu alimletea Komunyo.

Hakupona kama tulivyoomba. Mkono wa kulia umepooza hadi leo na ulimi ni mzito. Walitokea watu wakatuahidi muujiza endapo tungehamia kwao. Nilikataa na sijuti, kwa sababu mgonjwa wangu hakuhitaji kuambiwa kwamba anaumwa kwa kukosa imani.

Oktoba ilipofika, Rozari ikawa inazunguka nyumba kwa nyumba kama kawaida. Zamu yetu ilipofika, mwenyekiti akamwomba mume wangu aongoze tendo moja, yaani fungu moja la Salamu Maria kumi. Nilishtuka, nikataka kumkatalia. Salamu Maria yake moja ilichukua muda wa tatu za wengine. Watu wametoka kazini wamechoka, watoto wanasinzia mkekani, na hakuna hata mmoja aliyemmalizia neno. Walimngoja. Akishafika mwisho ndipo wanaitikia "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu", kisha wanamngoja tena. Tangu siku ile yeye ndiye anayeniuliza Jumamosi, siku ya sala ya jumuiya, ni lini.

Msimamizi wa jumuiya yetu ni Mtakatifu Josephine Bakhita, binti wa Darfur aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani zaidi ya mara moja, akafika Italia, akabatizwa na kuwa mtawa. Papa Benedikto wa XVI alimtoa kama mfano katika waraka wake wa mwaka 2007 juu ya tumaini: Bakhita alipata tumaini alipotambua kuwa yuko Bwana anayemjua, anayempenda na anayemngoja. Mafundisho hayo nilikuwa nikiyasikia kila sikukuu ya msimamizi wetu, 8 Februari. Kwenye Rozari ile niliyaona yakitendeka sebuleni kwangu.

Kuhusu michango, una haki ya kulalamika. Zipo jumuiya zilizogeuka vituo vya kukusanyia bahasha, na hilo linaniuma sana. Kikaoni huwa nasema wazi: asiye na kitu akianza kukwepa sala kwa aibu, tunampoteza wakati anatuhitaji zaidi. Kanisa linategemea sadaka zetu, sipingi, ila daftari la michango lifunguliwe baada ya Injili, na baada ya kuulizana nani mgonjwa na nani hana kazi. Wewe toa ulichonacho. Ukiwa huna, sema huna.

Sasa, Jumapili hii usikimbilie daladala. Nenda kwa katekista au ofisi ya parokia, taja mtaa unaoishi, watakuelekeza jumuiya yako na mwenyekiti wake. Nyingi hapa mjini husali Jumamosi alfajiri, saa 12 hivi, kabla watu hawajatawanyika. Beba Biblia. Injili ikishasomwa kila mmoja hutaja neno lililomgusa, na siku ya kwanza si lazima useme kitu. Lakini wakifika kwenye nia za maombi, taja yako, hata hiyo ya upweke uliyotuandikia hapa. Na wakikuuliza kama sala ijayo inaweza kuwa kwako, usiseme chumba ni kidogo. Tumeshasali kwenye chumba kimoja cha kupanga, wengine wamekaa kitandani, wengine wamesimama koridoni, na mwenye nyumba akajiunga.

Ukikwama, nitumie ujumbe uniambie uko mtaa gani. Nitakutafutia mwenyekiti wako.