Maswali ya Wasomaji: Chakula cha Asia Kwenye Jumba la Maduka, Tukale Wapi?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinatoka kwa watu wenye shida inayofanana: wako kwenye jumba la maduka nje ya mji, njaa imewabana, mifuko iko mkononi, na mbele yao kuna kaunta nne au tano za Kiasia zenye picha zinazong'aa. Tumejibu zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Kaunta ni nyingi na picha zote ni nzuri. Nitajuaje pa kula bila kuzionja zote?

Usianze na jina la duka. Anza na chakula unachokitaka, kisha jiulize kama chakula hicho kinavumilia kusubiri. Mchuzi wa dengu wa Kihindi, rendang ya Indonesia (nyama iliyopikwa taratibu kwa nazi na viungo), kari ya nazi ya Tailandi, nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu kwa soya na tangawizi: hivi vikikaa saa nzima kwenye sinia la moto haviharibiki, na vingine huzidi kukolea. Tambi za kukaanga, tempura (kamba au mboga za Kijapani zilizochovywa kwenye unga na kukaangwa), dosa (chapati nyembamba ya Kihindi), mboga za majani za kukaanga na kuku mkavu aliyerushwa kwenye sosi tamu, uhai wao ni dakika chache tu. Kwa hiyo kaunta ya masinia ni mahali pazuri pa kula kari na mahali pabaya pa kula tempura, hata kama mpishi ni hodari.

Ukishaamua, simama pembeni dakika tano utazame. Sinia lenye kina kifupi, linaloisha na kuletwa jingine, ni dalili njema. Sinia lenye kina kirefu lililojaa pomoni saa kumi alasiri huenda liko pale tangu mchana. Mchuzi uliotiwa wanga ukikaa mno hufanya utando juu na kuachia maji pembeni. Utaona mhudumu akiukoroga kabla ya kuchota ili urudi sura yake. Brokoli iliyopoteza kijani chake ikawa na rangi ya zeituni imesubiri kupita kiasi. Halafu tazama mvuke. Chakula cha moto kinatakiwa kishikiliwe juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, na kwa joto hilo kijiko kikizama na kuinuka, chakula hufuka. Kisipofuka, ondoka.

Menyu nayo inasema mengi. Jiko dogo linalouza sushi (wali wa Kijapani wenye siki na samaki, mara nyingi mbichi), pad thai (tambi za kukaanga za Tailandi), kuku wa siagi wa Kihindi na tambi za Kichina kwa pamoja haliwezi kuandaa viungo vya vyote hivyo kila siku; mengi yatatoka kwenye chupa na pakiti. Afadhali kaunta yenye vyakula kumi vya nchi moja.

Saa pia ni muhimu. Kati ya saa sita na saa nane mchana masinia hayapati muda wa kuzeeka. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri usile cha sinia. Nenda anakopika mtu baada ya wewe kuagiza.

Na kabla hujaketi kwenye ukumbi wa vyakula, zunguka jengo. Kama kuna supamaketi inayouza bidhaa za Kiasia, mara nyingi huwa na jiko dogo karibu na malipo au nyuma kabisa, na wateja wake wengi ni watu waliokulia na vyakula hivyo. Hao hawadanganyiki kwa picha. Vivyo hivyo vijiduka vinavyotazama maegesho ya magari, mbali na lango kuu: hapo mteja hapiti kwa bahati, anafuata chakula. Sisi tungeanza huko.

Tambi za kukaanga za hapa huwa na majimaji kila mara, ingawa naziona zikipikwa mbele yangu. Kwa nini?

Joto halitoshi, na karai limejazwa kupita uwezo wake. Tambi na mboga zina maji. Karai likiwa na moto mkali, maji hayo hugeuka mvuke na kutoweka papo hapo, na tambi hupata ile harufu ya kuungua kidogo ambayo ndiyo sifa ya chakula hiki. Mpishi akitia tambi za sahani nne kwa mkupuo, joto la karai hushuka, maji hubaki, na tambi huanza kuchemka badala ya kukaangika. Majengo mengi ya maduka huweka masharti juu ya majiko makubwa ya gesi, hivyo wapishi wengine hutumia majiko ya umeme yasiyofikia ukali huo. Hapo ndipo soya nyeusi inapomiminwa kwa wingi, ili rangi izibe pengo.

Tumia masikio. Karai lenye moto wa kutosha hulia kwa ukali tambi zinapoingia, na mlio hauzimiki. Likinong'ona kama sufuria ya mchuzi, agiza kitu kingine. Ukizitaka tambi hata hivyo, nenda watu wakiwa wachache ili zako zipikwe peke yake, na omba sosi ya ziada iwekwe pembeni.

Wali wa kukaanga huvumilia moto hafifu kuliko tambi, mradi umepikwa kwa wali uliolala kwenye jokofu, uliokauka na kuachana punje. Ukiwa na mabonge, wali ulikuwa mpya. Kwa pad thai, tazama rangi: ikiwa nyekundu ya nyanya, mara nyingi ukwaju umebadilishwa na sosi ya nyanya ya chupa.

Je, sushi ya kwenye maboksi ya jokofu ni salama? Mke wangu ni mjamzito na anaipenda.

Tuanze na mkeo. Achague zenye vitu vilivyoiva au visivyo vya samaki: kamba waliochemshwa, mkunga aliyechomwa, yai, tango, parachichi. Samaki mbichi na samaki wa kuvutwa kwa moshi bila kupikwa awaache mpaka ajifungue.

Kwa wengine, swali la kwanza ni minyoo. Samaki wengi wa baharini hubeba minyoo inayoitwa Anisakis, na dawa yake ni kugandisha. Kanuni za Marekani, kwa mfano, zinataka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, au agande kabisa kwa nyuzi 35 chini ya sifuri na kukaa hapo saa 15; baadhi, kama jodari wakubwa, wameruhusiwa bila hilo. Kwa hiyo muuzaji anayejisifu kwamba samaki wake hajawahi kuona friza hajakuambia jambo la kukutuliza. Kugandisha huua minyoo lakini hakuui bakteria, na ndiyo maana boksi linatakiwa likae kwenye nyuzi 5 au chini yake. Lililowekwa juu ya kaunta kama pambo, liache.

Ladha ni habari nyingine. Wali wa sushi ukikaa kwenye baridi wanga wake hukakamaa, na punje huwa ngumu katikati. Mwani wa nje hunyonya unyevu na kuwa kama mpira. Soma saa ya kufungwa, si tarehe tu. Kama pana mtu anayekunja kwa mikono, mwombe akukunjie yako, uile pale pale.

Mimi ni Mwislamu. Neno "kuku" kwenye menyu linanitosha?

Halitoshi. Mbali na namna kuku alivyochinjwa, kilichofichika ni pombe, mafuta ya nguruwe na vyombo vya pamoja. Vyakula vingi vya Kichina hutiwa mvinyo wa mchele wa Shaoxing. Vya Kijapani hutumia mirin na sake, ambazo nazo ni pombe za mchele. Sosi ya teriyaki karibu kila mara ina kimojawapo. Supu ya ramen (tambi za Kijapani) iitwayo tonkotsu ni ya mifupa ya nguruwe, na supu ya "kuku" nayo wakati mwingine huchanganywa. Maandazi madogo ya kuchemsha au ya mvuke mara nyingi huwa na nguruwe isipokuwa imeandikwa vinginevyo, na ya mboga yakikaangwa huenda yakatumia mafuta yale yale.

Uliza maswali matatu, kwa mpangilio huu. Nyama mnainunua wapi, na cheti cha halali kiko wapi? (Kisome tarehe, na uone kama kinataja duka hilo au msambazaji wa nyama tu.) Mnapikia mvinyo? Mafuta na karai ni vya vyakula vyote? Mhudumu akijibu "nadhani", mwombe amwite mpishi.

Njia ya mkato ni kutafuta kaunta za Kimalaysia, Kiindonesia au Kipakistani, ambako halali ni jambo la kawaida. Usizisahau tambi za kuvutwa kwa mikono za Lanzhou, China: ni chakula cha Waislamu wa jamii ya Hui, cha supu ya ng'ombe na tambi zinazovutwa mbele yako baada ya kuagiza. Hata hivyo jina la Lanzhou ubaoni si cheti.

Mwanangu ana mzio wa karanga. Tunaweza kula huko?

Kwa tahadhari, na si kila kaunta. Karanga zimo kwenye pad thai, sosi ya satay, kari ya massaman, gado-gado (saladi ya Kiindonesia) na kuku wa kung pao wa Kichina. Hatari kubwa zaidi ni karai moja linalopanguswa tu kati ya sahani na sahani. Kaunta za Kijapani na Kikorea hutumia karanga mara chache. Huko tatizo huwa ufuta, basi hakikisha kama ufuta nao unamdhuru mtoto. Andika mzio wake kwenye karatasi kwa herufi kubwa, mpe mpishi aisome, omba karai lioshwe kwa maji na sabuni. Msiende saa ya msongamano. Dawa yake ya dharura iwe mkononi mwenu, si garini.

Supu ya tambi nikiifikisha nyumbani tambi zimekuwa uji. Nifanye nini?

Pho (supu ya tambi ya Vietnam) na ramen si vyakula vya safari. Ndani ya supu ya moto tambi huendelea kuiva na kunyonya. Dakika kumi zinatosha kuzilegeza. Ukiweza, kula hapo hapo. Ukilazimika kubeba, sema mapema, kabla hawajapakua: supu chombo chake, tambi zilizosuuzwa kwa maji baridi chombo chake, nyama na majani peke yake. Nyumbani chemsha supu mpaka itokote sawasawa, chovya tambi kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache, chuja, kisha mimina supu. Nyama mbichi iliyokatwa nyembamba, ambayo kwenye pho huiva kwa joto la supu bakulini, usiichukue kabisa, agiza iliyopikwa.

Wali uliobaki uingie kwenye jokofu ndani ya saa 2. Mbegu za bakteria Bacillus cereus huvumilia kuchemshwa, na wali ukiachwa vuguvugu huweza kutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi.

Tuko sita, kila mtu anataka chake, na tuna saa moja tu.

Ukumbi wa vyakula, si mkahawa wa kuketi. Mmoja ashike meza. Anayetaka supu au kitu cha kuagiza atangulie foleni, wa kari na masinia wafuate baada ya dakika kumi, na wa sushi awe wa mwisho. Agizeni wali mweupe kutoka kaunta moja tu.