Je, niufunge mti unaoyumba?

SWALI: Mti nilioupanda mwaka jana huyumba kila upepo unapovuma, hata ncha yake ikainama. Je, niufunge kwenye nguzo? Na mbona miti mikubwa inayopigwa na upepo uleule haitikisiki hivyo?

JIBU: Tunakusihi usiufunge kwa kuukaza, kwa sababu kuyumba huko ndiko kunakoujenga. Shina linapopinda, upande unaopigwa na upepo huvutwa, na upande wa pili hubanwa. Mti huhisi mvuto huo na, unaporudiwa siku baada ya siku, hupunguza kasi ya kurefuka ili unenepeshe shina na kuimarisha mizizi. Mwaka 1803 Mwingereza Thomas Andrew Knight alieleza majaribio yake ya kuifunga mitufaha michanga: uliopewa nafasi ya kuyumba kaskazini na kusini tu, shina lake lilinenepa zaidi kuelekea pande hizo mbili, likawa na umbo la yai.

Unene huo si jambo dogo. Kwa miti ya aina moja, shina lenye kipenyo mara mbili ya jingine huwa gumu kupinda mara 16, na ndiyo maana mti mkubwa huonekana umetulia kwa chini. Tazama juu, hata hivyo, nawe utaona kila tawi likienda kwa mwendo wake, hili likienda huku lile likirudi, hivyo kwamba nguvu ya upepo hutawanyika kabla ya kulitikisa shina lote kwa pamoja. Majani nayo hujikunja na vitawi hulala, jambo linalopunguza sana mzigo. Kitu kisichopinda kingebeba nguvu mara nne kila kasi ya upepo inapoongezeka mara mbili.

Kinachostahili kukutia wasiwasi si ncha, bali shina pale linapoingia ardhini. Siku ya upepo, chuchumaa hapo utazame udongo: ukiona ufa unaofunguka na kujifumba kila mti unapoyumba, mizizi bado haijashika. Hapo ushindilie udongo kwa mguu, kisha uufunge mti kwa chini, yapata theluthi moja ya urefu wake, kwa utepe mpana wa kitambaa au mpira uliolegea kiasi cha kuuacha uyumbe, na uufungue mara tu ufa huo utakapoacha kuonekana.