Mtazameni akilala

Swali lenu la juma: "Mlimani, nani humudu zaidi hewa nyepesi, mwanamke au mwanamume?" Wengi watajibu kwa kutazama miguu. Mimi nasema tazameni usingizi.

Sisi ni wa Tanga, watu wa usawa wa bahari. Mwinuko tunaoujua ni Lushoto. Kaka yangu anazamia pweza tangu utotoni, ana pumzi haswa. Tulipopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu alinitangulia kila siku, nami nyuma nahema kama mvukuto. Sishangai: njia za hewa za mwanamke kwa kawaida ni nyembamba, hata akiwa na mapafu sawa na ya mwanamume, hivyo akipanda kwa nguvu kule kupumua kwenyewe ni kazi.

Usiku wa kambi ya Horombo, mita 3,720, mambo yakageuka. Kaka alivuta pumzi nne tano nzito, kisha kimya. Nikahesabu mpaka kumi. Nikamtikisa.

"Hebu niache nilale, wewe!"

Asubuhi mwongozaji akacheka, akasema hayo ameyazoea. Oksijeni kule ni asilimia 21 ileile ya Raskazone, ufukweni kwetu Tanga. Kinachopungua ni kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, hivyo kila pumzi huleta oksijeni kidogo; na kileleni Uhuru, mita 5,895, inabaki kama nusu. Basi mtu huhema kwa kasi. Kuhema huko hutoa kabonidayoksaidi nyingi mno, na ubongo, ambao usingizini huitegemea hiyo kuamuru pumzi, hunyamaza mpaka ijae tena. Wanaume hupatwa na hali hii zaidi. Wanawake tuna projesteroni, homoni inayouhimiza ubongo kupumua. Ndiyo humfanya mjamzito atwete hali amekaa barazani anachambua mchele. Huongezeka pia katika nusu ya pili ya mzunguko wa hedhi, kwa hiyo hata mwanamke mmoja hapumui sawasawa mwezi mzima.

Sasa msiniletee vigelegele. Kule kambi ya Kibo, mita 4,720, kichwa kilichopasuka ni changu, na aliyetapika ni mimi. Ugonjwa wa mlima huangalia zaidi umepanda haraka kiasi gani, na sisi tulibana siku ili kupunguza gharama. Mimi nikashushwa, kaka akafika Uhuru.

Picha ya kilele ameitundika sebuleni, na kila mgeni husimuliwa safari yote. Horombo huiruka.