Seli Mnazohesabu Zimetoka Wapi? Ushauri kwa timu mpya ya maabara ya neva

Mashine ya kuhesabu seli hutoa namba hata ukiilisha uchafu. Kwa timu inayochunguza seli za kinga baada ya neva kujeruhiwa, kupata namba ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kuthibitisha kwamba seli hizo zilikuwa ndani ya neva kweli, kwamba hazikuletwa na damu, na kidonda cha ngozi, au na chumba cha panya ambacho kiyoyozi chake kilizima saa nane za usiku. Tunaandika kwa wanaofanya kazi hii hapa Dar es Salaam, iwe Muhimbili au Mlimani, wakitumia panya wadogo wa maabara na neva ya siatiki, ile nene inayopita nyuma ya paja.

Anzeni na kalenda. Neva ikibanwa au kukatwa, kipande kilichotengwa na kiini cha seli yake huoza, jambo ambalo Augustus Waller alilieleza mwaka 1850 baada ya kukata neva za ulimi wa chura. Seli za Schwann, zinazozunguka nyuzi za neva, huacha kutunza mielini, yaani utando wa mafuta unaofunika nyuzi hizo, hutoa kemikali za kuita msaada kama CCL2, na seli za kinga huitikia kwa zamu. Nyutrofili hutangulia, nyingi zikiwa zimefika ndani ya siku moja. Monosaiti hufuata siku ya pili na ya tatu, kisha hugeuka makrofaji, ambazo huwa nyingi zaidi karibu na siku ya saba zikila mabaki ya mielini. Chukueni siku ya 1, ya 3, ya 7 na ya 14. Timu inayochukua siku ya 7 peke yake itaandika kwamba nyutrofili hazina kazi, kumbe imefika harusini pilau limeshaliwa.

Vibali visisubiri. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kamati ya maadili ya chuo itataka kujua dawa ya maumivu kabla ya kuuliza chochote kuhusu sayansi yenu. Ketamini na buprenofini ni dawa zinazodhibitiwa. Fuatilieni ruhusa yake kabla ya kuagiza panya.

Kwenye upasuaji, mtu mmoja abane neva za panya wote. Watu wawili wakigawana, mtapima tofauti ya vidole vyao. Mlazeni panya kwa ketamini miligramu 80 hadi 100 na zailazini miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito. Mtandikieni pedi ya joto la nyuzi 37, maana panya aliyelazwa hupoteza joto haraka, na chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 18 kinaweza kumuua hata kama nje ni jua la Februari. Pakeni macho mafuta yasikauke. Tenganisheni misuli ya paja kwa kuipanua, msiikate. Baneni neva katikati ya paja kwa koleo laini namba 5 kwa sekunde 15, kwa muda uleule kila mara. Mahali palipobanwa vizuri hubaki utepe mwembamba unaopitisha mwanga. Panya akizinduka, mwinueni kwa mkia: vidole vya mguu ule vikitanuka kama vya upande mwingine, neva haikubanwa sawasawa, na panya huyo asiingie kwenye hesabu. Tieni fundo la uzi mwembamba sana, namba 10-0, kwenye ngozi ya nje ya neva mahali pa jeraha. Baada ya wiki mbili jicho halitapaona tena.

Halafu kuna upasuaji wa kuzuga, na hapa ndipo wengi hubana matumizi mahali pasipostahili. Kupasua ngozi na kusogeza misuli peke yake kunaita seli za kinga. Mguu wa pili wa panya yuleyule hautoshi kuwa kipimo, kwa sababu jeraha la upande mmoja linaweza kubadilisha damu na hata neva za upande wa pili. Tengeni panya wengine, wapasueni, inueni neva, irudisheni bila kuibana, shoneni. Wapeni dawa zilezile kwa saa zilezile. Dawa ya maumivu si ya kuruka, ila chagueni kwa akili: meloksikamu na ndugu zake hupunguza uvimbe wenyewe mnaotaka kuupima. Buprenofini, miligramu 0.05 hadi 0.1 kwa kilo kila baada ya saa 8 hadi 12, huacha tatizo dogo zaidi kwa kazi ya aina hii.

Chumba cha panya kiwe kati ya nyuzi 20 na 26, mwanga saa 12 na giza saa 12. Wekeni kifaa kinachorekodi joto usiku kucha. Panya aliyepitisha usiku wa joto kali hutoa homoni za msongo, na homoni hizo hupunguza limfosaiti (aina nyingine ya seli za kinga) kwenye damu na kutuliza makrofaji. Mkiona kundi moja la panya lina seli chache kupita mengine, fungueni rekodi ya joto kwanza, ndipo mtafute maelezo ya kibiolojia.

Siku ya kuvuna, ondoeni damu. Pitisheni bafa (maji ya chumvi) ya fosfeti baridi, mililita 20 hivi, kupitia ventrikali ya kushoto ya moyo baada ya kukata atriamu ya kulia. Ini likipauka, mmefanikiwa; likibaki jekundu, sehemu ya monosaiti zenu ni za damu. Kateni milimita 5 za neva chini ya jeraha, na kipande chenye jeraha lenyewe kiwekwe peke yake, kwa kuwa mchanganyiko wa seli zake ni tofauti. Neva moja ya panya mdogo haina seli nyingi, hivyo mnaweza kuunganisha za panya wawili au watatu. Lakini mkishaunganisha, hiyo ni sampuli moja. Msije kuiandika kama tatu.

Katakateni neva vipande vya milimita 1, lowekeni kwenye kolajenesi (kimeng'enya kinacholegeza tishu ili seli ziachane) miligramu 1 kwa mililita pamoja na kimeng'enya cha kuvunja DNA, nyuzi 37 kwa dakika 30, mkitikisa taratibu. Bila hicho cha DNA, seli zilizokufa hugeuza kila kitu kamasi. Kolajenesi inahitaji kalsiamu, kwa hiyo bafa yenye EDTA, kemikali inayonasa kalsiamu, isiingie hapa. Itatumika kwenye kuosha. Tumeona watu wakiongeza muda hadi saa moja na nusu wakilalamika kimeng'enya ni kibovu, kumbe EDTA imekizima. Na muda mrefu una gharama nyingine: baadhi ya vimeng'enya hukata alama zilizo juu ya seli, yaani protini tunazozitumia kuitambua, na seli isiyo na alama inahesabika kama haipo. Njia rahisi ya kukagua ni kuchukua seli za bandama, nusu zipite kwenye kimeng'enya kwa muda uleule, nusu zisipite, kisha mlinganishe mng'ao wa kila alama.

Chujeni kwa wavu wa mikroni 70, kisha ondoeni mielini kwa Percoll (kimiminika kizito cha kutenganishia seli) ya asilimia 30. Changanyeni kwanza sehemu 9 za Percoll na sehemu 1 ya bafa iliyokolezwa mara 10, ndipo mzimue. Mkiruka hatua hiyo chumvi inapungua na seli zinavimba. Zungusheni kwa g 500, dakika 20, breki ikiwa imezimwa. Mielini itaelea juu kama utando wa mafuta kwenye mchuzi wa nazi uliopoa. Inyonyeni kutoka juu, kisha badilisheni ncha ya pipeti kabla ya kugusa chini.

Kwa rangi: rangi ya kutambua seli zilizokufa ni lazima, kisha kizuizi cha CD16/32 kwa dakika 10 ili kingamwili zisinate ovyo, ndipo kingamwili zenye rangi, kila moja ikishika alama yake: CD45 (seli zote za kinga), CD11b (nyutrofili, monosaiti na makrofaji), Ly6G (nyutrofili), Ly6C (monosaiti) na F4/80 (makrofaji). Makrofaji iliyoshiba mielini hung'aa yenyewe, hivyo wekeni sampuli ya neva iliyojeruhiwa isiyo na rangi yoyote. Seli safi za bandama hazitawaonyesha mng'ao huo. Kingamwili zenye rangi hukaa nyuzi 2 hadi 8, zisigandishwe, na rangi iitwayo PE-Cy7 huharibika haraka kwa joto na mwanga. Agizeni mzigo ufike Jumatatu au Jumanne. Ukitua Ijumaa jioni utalala uwanja wa ndege mpaka barafu iishe. Ndani ya friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri wekeni kikombe cha barafu na sarafu ya shilingi 200 juu yake. Mkiikuta sarafu imezama, umeme ulikatika muda mrefu, hata kama asubuhi kila kitu kimeganda tena.

Kwa vipande vya hadubini, unyevu wa Dar ni adui. Sanduku la slaidi likitoka kwenye friza liacheni lifikie joto la chumba likiwa limefungwa, la sivyo maji yatatanda juu na vipande vitabanduka. Na kingamwili iliyotengenezwa ndani ya panya mdogo isitumike kwenye neva ya panya mdogo. Kizuizi kati ya damu na neva hufunguka baada ya jeraha, kingamwili za panya mwenyewe huingia, na kingamwili ya pili, ile yenye rangi inayoshika kingamwili za panya, huzishika zote. Neva iliyobanwa itang'aa kotekote na ile ya kuzuga itabaki giza, picha nzuri kabisa isiyo na maana. Tumieni kingamwili ya sungura dhidi ya IBA1, alama ya makrofaji, na kwenye kila slaidi kiwepo kipande kimoja cha neva iliyobanwa kisichowekewa kingamwili ya kwanza.