Naitikia vizuri, lakini nikiimba lidi sauti inapotea. Shida iko wapi?

SWALI: Habari fundi. Mimi ni mpiga besi kwenye bendi ya rock hapa Nairobi, tuko wanne, na ndo mimi naitikia karibu nyimbo zote, huwa nashika sauti ya juu ya mwimbaji wetu na watu wanasema tunasikika poa sana. Sasa kuna nyimbo mbili ambazo naimba lidi mimi, yani sauti kuu, na kila tukizipiga sauti yangu inapotea kabisa, hata marafiki zangu waliosimama mbele wanasema hawasikii maneno. Fundi wa ukumbi akipandisha feda, kile kitelezi cha sauti kwenye miksa, maiki inaanza kulia. Ameniambia sauti yangu ni nyembamba, ya bekapu tu, yani ya kuitikia. Maiki ni ile ile, mtu ni yule yule, je ni kweli sina sauti ya lidi?

JIBU: Dada yangu, hapana, hiyo usiikubali. Mtu anayeshika sauti ya juu usiku mzima huku anapiga besi ana sauti na ana sikio, na sikio ndo gumu kupata. Kinachokumaliza ni kwamba kila kitu, kuanzia kii ya wimbo (noti ambayo wimbo umejengwa juu yake), mahali unaposimama, chaneli yako kwenye miksa, monita yako (spika ya jukwaani inayokuelekea wewe) mpaka namna unavyotamka maneno, vyote vimepangwa ili usitokeze mbele ya mwenzako. Ndo kazi ya kuitikia hiyo, unakaa nyuma yake unamnenepesha. Halafu zamu yako inafika, hakuna aliyegusa chochote, unaimba lidi ukiwa bado ndani ya mpangilio wa bekapu. Yeyote angepotea hapo.

Naanza na kii maana nahisi sehemu kubwa ya tatizo iko huko na watu huwa hawaiangalii, wanakimbilia miksa. Umesema unashika sauti ya juu, yani mara nyingi uko kama nusu toni tatu au nne juu ya mwimbaji wenu (nusu toni moja ni freti moja ya gita), na huko ndiko koo lako limezoea kufanya kazi, huko ndo una nguvu. Sasa kama hizo nyimbo mbili mnazipiga kwenye kii iliyomfaa yeye, ukishika melodi yenyewe umeshuka nusu toni tatu nne chini ya pale ulipo na nguvu, umeingia kwenye eneo ambalo unanong'ona badala ya kuimba, na juu yake kuna gita mbili na ngoma. Fundi akisikia hivo anasema sauti nyembamba. Fanya jaribio dogo nyumbani, chukua simu ujirekodi bila chombo chochote, kwanza ule mstari wako wa kuitikia, kisha melodi ya lidi kwenye kii mnayotumia, halafu melodi hiyo hiyo ukiwa umeipandisha nusu toni tatu. Sikiliza siku ya pili ukiwa umetulia. Kama ile ya tatu ndo inasikika kama wewe, basi mpandishe kii. Wimbo uliokuwa G unakuwa B flat, mpiga gita anaweka kepo, kile kibanio cha nyuzi, freti ya tatu na anaendelea na kodi zile zile za G, wewe kwenye besi utapoteza nyuzi wazi kidogo itabidi ujipange upya na vidole, lakini hiyo ni kazi ya wiki moja ya mazoezi na faida yake utaisikia kila shoo.

Bendi kubwa zimelifanya hili kwa makusudi kabisa. Beatles walipomwandikia mpiga ngoma wao Ringo Starr "With a Little Help from My Friends" mwaka 1967, Lennon na McCartney walimpa melodi inayotembea kwenye noti chache sana ili ikae pale sauti yake inapokaa, kuna sehemu wenzake wanaitikia kwa kumuuliza maswali na yeye anajibu, yani wale waimbaji lidi wa kila siku wakageuka waitikiaji wake, na noti ndefu ya juu ikaachwa mwisho kabisa. Upande wa pili muangalie Randy Meisner wa Eagles, mpiga besi kama wewe, muitikiaji mwenye sauti ya juu tamu mno, lidi yake kubwa ni "Take It to the Limit" ya mwaka 1975, na mwisho wa wimbo ule kuna noti za juu ambazo studio alizipata ila kwenye ziara alitakiwa azitoe usiku baada ya usiku. Ule mzigo ulimwelemea, ukawa chanzo cha ugomvi ndani ya bendi, na 1977 akaondoka. Kwa hiyo unapochagua kii usichague ile unayoiweza siku moja ukiwa umelala vizuri, chagua ile utakayoiweza ukiwa umechoka na kumbi ina moshi.

Sasa miksa. Chaneli ya bekapu huwa inakatwa sauti nyingi nzito za chini, wengi tunakata chini ya 180 Hz hivi, sauti za kati kati tunapunguza ili kiongozi apate nafasi, kompresa, kile kinachobana sauti, tunaikaza ili sauti ikae sawa muda wote isirukeruke, na riverbu, yani mwangwi, tunaongeza ili sauti irudi nyuma. Kwa kuitikia hiyo ni sahihi. Kwa lidi ni kama kumvalisha mtu shuka zito halafu unamwambia acheze mbele. Fundi akipandisha feda tu anapandisha hilo shuka pamoja na matoazi yote ya ngoma yanayoingia kwenye maiki yako, maana waitikiaji huwa wanawekwa karibu na ngoma, na hapo ndo maiki inalia.

Kama ukumbi una miksa ya dijitali, hata zile za kawaida tu, mwombe fundi achukue ingizo lako la maiki alipeleke kwenye chaneli mbili. Ya kwanza aiache ilivyo. Ya pili aitengeneze ya lidi, akate chini ya 100 Hz hivi, arudishe ile kati kati, aongeze kidogo kwenye 3 kHz ambako maneno yanasikika, kompresa ailegeze, riverbu apunguze. Wimbo wako ukifika anazima ya kwanza anafungua ya pili, ukiisha anarudisha. Asiache zote mbili wazi kwa wakati mmoja maana sauti inaongezeka ghafla na maiki italia kweli kweli. Kwenye miksa ya analogi unapata kitu kile kile kwa waya wa Y kuingia chaneli mbili, maiki ya kawaida ya dainamiki haina tatizo na hilo. Na kama fundi hataki au hana muda, kuna njia ya bure, nenda ukasimame kwenye maiki ya katikati, ya mwimbaji wenu, na yeye aje kwenye yako. Pale uko mbali na ngoma na chaneli tayari ni ya lidi, hakikisha tu waya wa besi unafika na stendi inashuka mpaka mdomoni pako.

Maiki usiikimbie. Muitikiaji amezoea kuimba akiwa ameacha nafasi kidogo ili achanganyike, lakini kila ukiongeza umbali mara mbili unapoteza karibu 6 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo aliyetoka sentimita 3 akaenda 6 kisha 12 ameshapoteza 12 dB na fundi inabidi azitafute kwenye geini, yani kuikuza maiki pale inapoingia kwenye miksa. Lidi imba ukiwa vidole viwili kutoka kwenye wavu, hapo hata ule unene wa chini unaongezeka wenyewe. Usishike wavu kwa kiganja, ukiuziba maiki inaanza kusikia pande zote, na inalia. Halafu nyinyi wapiga besi mna tabia ya kugeuka kuangalia shingo ya chombo katikati ya mstari, mdomo unatoka kwenye maiki, maneno yanakatika. Zungusha stendi ije kutokea upande wa shingo ya besi, ukitupia jicho frets bado mdomo uko pale pale.

Monita nayo. Kwenye kuitikia lazima umsikie mwimbaji kuliko unavyojisikia wewe, ndo unapata noti ya kumfuata. Kwenye wimbo wako ukiiacha hivo hivo hujisikii, na mtu asiyejisikia anapiga kelele bila kujua, koo linakaza, noti zinapanda juu ya kii. Mwambie fundi mapema, kwenye nyimbo hizi mbili nipe sauti yangu juu, ya mwenzangu shusha. Mwandikie kwenye orodha ya nyimbo kabisa, weka alama kubwa, mafundi wengi wa ukumbi hawajui nani anaimba nini mpaka nusu ya wimbo ipite. Na huyo mwenzako akiitikia atoke kwenye maiki hatua moja, akikaa na nguvu zake za lidi atakufunika hata kama anakupenda. Mpiga gita naye apunguze wakati unaimba, gita lenye distoshen linakaa pale pale kwenye maneno yako.

Matamshi utayabadilisha mazoezini. Muitikiaji mzuri humeza herufi za mwisho, maana "s" tatu zisizotoka pamoja zinasikika kama nyoka, na anaiga irabu za kiongozi. Lidi unazirudisha zote. Zitamke, wahi au chelewa unavyotaka wewe, wao wakufuate. Kwenye nyimbo za Kiswahili maneno yetu yanaishia na irabu kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye kuzifungua, "a" iwe "a" kweli.

Kuhusu kupiga na kuimba kwa pamoja, punguza noti za besi kwenye beti, rudisha mbwembwe pale usipoimba. Kim Deal alikuwa mpiga besi na muitikiaji wa Pixies, na "Gigantic" ya 1988 ambayo lidi ni yake imejengwa juu ya mstari mfupi wa besi unaojirudia, ndo maana ukasimama. Na kama bado inagoma, badilishaneni chombo kwa huo wimbo mmoja. Phil Collins alikuwa mpiga ngoma na muitikiaji wa Genesis, alipochukua lidi, kwenye ziara ya 1976 wakamweka Bill Bruford kwenye ngoma ili yeye asimame mbele. Hata Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa Unguja, wimbo wa "'39" kwenye albamu ya 1975 aliuimba Brian May mpiga gita, lakini jukwaani Freddie ndo alikuwa anauimba. Nani anaimba nini mnaweza kulipanga upya kila mnapoona inafaa.

Anza na kii wiki hii kabla hujamgusa fundi. Ukishapata kii yako niandikie pamoja na aina ya miksa wanayotumia hapo ukumbini, nikueleze hatua kwa hatua namna ya kugawa hiyo chaneli.