Filamu kuahirishwa si lazima iwe mbovu

Pole, ndugu yangu. Unasema filamu ya njozi uliyoisubiri kwa hamu imesogezwa mbele miezi kadhaa, unauliza kama ukirudie kitabu chake wakati ukingoja, na unahofu kuwa filamu imewaharibikia watengenezaji. Si lazima. Harry Potter ya sita ilipangwa kutoka Novemba 2008. Agosti mwaka huohuo studio yake, Warner Bros., wakaisogeza hadi Julai 2009, na mashabiki wakawaka kwelikweli. Sababu waliyotoa ni mgomo wa waandishi wa Hollywood, uliowaacha na filamu chache za kiangazi cha 2009. Kiangazi ndio msimu wa kuvuna pesa, basi wakaitia hapo, ikaingiza zaidi ya dola milioni 900. Biashara tu.

Kuhusu kukirudia kitabu: kirudie sasa, lakini kifunge wiki chache kabla ya siku yenyewe. Ukiingia ukumbini kurasa zikiwa bado mbichi kichwani, utakaa kama mkaguzi. Katika hiyo ya sita, nyumba ya akina Weasley, familia ya rafiki yake Harry, inachomwa moto, tukio ambalo kitabuni halimo kabisa. Waliokuwa wametoka kukisoma walinuna kuanzia hapo.

Trela tazama moja, ya pili iache. Siku hizi zinamwaga nusu ya hadithi. Tarehe za mitandaoni zipuuze mpaka studio yenyewe itamke. Na tiketi usinunue mapema kwa watu wa pembeni, maana tarehe iliyosogezwa mara moja inaweza kusogezwa tena.