Kupinga amri ya dharura ya ulezi wa mtu mzima: anzeni na tarehe

Shangazi yangu alijua kwamba amewekewa mlezi akiwa amesimama kwenye dirisha la benki. Mhudumu alimweleza kwa upole kuwa saini yake haitambuliwi tena na kwamba mwenye mamlaka juu ya akaunti ile sasa ni binamu yangu, kwa amri ya dharura iliyotolewa siku 4 kabla. Juzi yake ndiyo alikuwa ametoka hospitali, na hakuna karatasi yoyote ya mahakama iliyokuwa imemfikia.

Mimi si wakili. Shauri letu liliendeshwa na wakili, nami naandika niliyoyaona masjala na kwenye benchi la nyuma la chumba cha mahakama.

Amri ya namna hii hutolewa upesi, mara nyingi kwa kusikiliza upande mmoja, baada ya mwombaji kuapa kwamba mtu mzima husika hawezi kujiamulia na kwamba atapata madhara endapo itasubiriwa hadi shauri lisikilizwe kwa utaratibu wa kawaida. Kwa kuwa upande wa pili haukusikilizwa, sheria nyingi huifanya amri hiyo iwe ya muda mfupi na kuacha mlango wa kuipinga. Sheria ya mfano iliyoandaliwa Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya majimbo humpa mlezi wa dharura siku zisizozidi 60, zinazoweza kuongezwa mara moja tu. Na akiteuliwa bila mhusika kuarifiwa, mhusika hutakiwa kupewa taarifa ndani ya saa 48 na shauri kusikilizwa ndani ya siku 5. Kila nchi ina hesabu yake, kwa hiyo swali la kwanza kwa wakili liwe la siku: tumebakiwa na ngapi? Sisi tulipoteza siku 2 katika vikao vya ukoo, ambavyo havikuamua lolote.

Siku ya tatu nilikwenda masjala kuomba nakala ya jalada zima. Nasisitiza zima, kwa sababu amri yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja mkavu, ilhali hoja zote zilikuwa katika hati ya kiapo na viambatisho vyake. Kimojawapo kilikuwa fomu ya daktari iliyojazwa kwa kalamu ya bluu, ikisema kwamba mgonjwa hajui siku wala mahali alipo na hana uwezo wa kusimamia mambo yake. Niliisoma mara tatu kabla jicho halijatua kwenye tarehe. Fomu ilijazwa siku ya pili ya kulazwa kwake, homa ikiwa kali, kutokana na maambukizi ya njia ya mkojo. Aliyewahi kuuguza mzee anaijua hali hiyo: maambukizi, upungufu wa maji mwilini au dawa mpya huweza kuleta mkanganyiko wa ghafla unaofanana na ugonjwa wa kusahau, nao mara nyingi huondoka chanzo chake kikitibiwa. Ombi lilifikishwa mahakamani siku 9 baada ya fomu ile kujazwa, na katika siku hizo zote hakuna aliyerudi kumpima.

Kwa hiyo nawashauri mwipinge tarehe kabla ya kumpinga mtu. Wenzangu walitaka kiapo kinzani kieleze ugomvi wa shamba, maneno yaliyosemwa msibani, na tabia za binamu tangu ujana wake. Wakili aliyafuta yote. Alibakiza ratiba ya ugonjwa, siku kwa siku, na taarifa ya daktari wa pili aliyempima shangazi akiwa amepona, tena aliyeandika ni uamuzi upi anaoweza kuufanya mwenyewe na upi anaohitaji kusaidiwa. Taarifa inayosema tu kwamba "ana akili timamu" haina uzito, kwa sababu uwezo hupimwa kwa uamuzi fulani na kwa wakati fulani.

Kiapo cha binamu kilidai pia kwamba shangazi anafuja fedha kwa kuwalipia karo watoto wa jirani. Huenda ni kweli kwamba hesabu zake si nzuri, lakini uamuzi usio wa busara si ushahidi wa kukosa uwezo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2005 inalitamka hilo waziwazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, nao unataka hatua za aina hii zilingane na hali ya mhusika, zidumu kwa muda mfupi iwezekanavyo, na zisiwe na mgongano wa maslahi.

Tafuteni pia nyaraka za zamani. Katika droo ya kabati tulipata hati ya uwakilishi ambayo shangazi aliisaini akiwa mzima, akimpa binti yake mamlaka ya kumlipia bili endapo angeugua. Kama tayari yupo mtu mwenye idhini ya kufanya kazi hiyo, dharura iko wapi?

Siku ya kusikilizwa, shangazi aliambiwa anaweza kuketi, akabaki amesimama. Aliulizwa kama anamjua anayesimamia fedha zake. "Mheshimiwa, ninamjua," alijibu. "Sijui tu kwa nini hakuniuliza kwanza."

Amri ilitenguliwa, na mlezi akaagizwa kuwasilisha hesabu ya kila alichokitoa. Ombeni agizo hilo mapema, pamoja na zuio la kuuza mali, kwa sababu amri ya wiki chache inatosha kabisa kuuza kiwanja. Chukueni pia nakala kadhaa za uamuzi zilizothibitishwa kwa muhuri. Benki iliendelea kuikataa saini ya shangazi hadi nilipopeleka nakala ya pili mkononi, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imewekwa katika faili la mlezi.